Je, Wajua? Kobalti ya Kolwezi na Daftari la Bitcoin

Katika maghala ya Musompo, karibu na Kolwezi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mnunuzi wa kobalti hupima uzito wa mzigo, hukagua kiwango cha madini kwa kifaa ambacho wachimbaji hukiita metorex, kisha hukadiria bei kwa kutazama soko la metali la London, ilhali bei za ununuzi wa awali hubaki siri ya wafanyabiashara. Kinyume na siri hiyo, daftari la Bitcoin, sarafu ya kidijitali, huandika hadharani kila uhamisho unaofanyika ndani yake, na hivyo huruhusu kipimo kingine: kila sarafu huthaminiwa kwa bei ya siku ilipohamishwa mara ya mwisho, thamani hizo hujumlishwa, kisha thamani ya soko ya sarafu zote hugawanywa kwa jumla hiyo. Uwiano ukishuka chini ya 1, kama mwishoni mwa 2018 na 2022, wenye sarafu kwa wastani wamo hasarani. Hata hivyo, sarafu iliyopotea pamoja na ufunguo wake wa siri huendelea kuhesabiwa kwa bei yake ya zamani, kasoro ambayo mchambuzi makini hapaswi kuipuuza.