Mwana wa Mfalme wa Uajemi Arudi na Lugha ya Kwao

Wazee wetu wamesema, mwacha asili ni mtumwa. Sikutarajia msemo huo unijie baada ya sala ya Isha, nikiwa nimeshika chombo cha mchezo wa kompyuta, nahangaika kumrusha kijana wa Kiajemi juu ya shimo lenye miiba. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Chombo chenyewe ni Nintendo Switch, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Mtu hukishika kwa mikono miwili kama sinia ndogo ya kahawa, kioo katikati na vitufe huku na huku. Ni cha mpwa wangu, aliyekuja kwetu likizo. Mchezo aliokuwa akiucheza waitwa Prince of Persia: The Lost Crown, uliotolewa Januari 2024 na kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, na kuundwa na mafundi wake wa mji wa Montpellier. Dada yangu alikuwa amenipa kazi moja: nimtazamie kama mchezo huo wamfaa mwanawe, au wamharibia wakati tu. Basi nikaketi naye siku tatu.

Ulikotoka

Ili kuufahamu mchezo huu, yafaa kurudi hadi mwaka 1989. Mwaka huo kijana wa Kimarekani, Jordan Mechner, alitoa mchezo wa kwanza wa ukoo huu katika kompyuta za Apple II. Alimpiga mdogo wake David picha za kutembea akikimbia na kuruka, kisha akazinakili hatua zake moja moja katika kompyuta. Ndiyo sababu yule kijana wa mchezoni alikimbia kama mwanadamu hasa, wakati ambapo vikaragosi vya michezo mingi vilirukaruka kama panzi. Alianzia gerezani chini ya kasri, na mchezaji alikuwa na dakika 60 tu za kumtoa humo na kumwokoa binti mfalme mikononi mwa waziri mwovu, Jaffar.

Mle ndani mlikuwa na fumbo moja zuri. Kijana hukutana na kivuli chake mwenyewe, nacho kimeshika upanga. Kila akikipiga, huumia yeye. Dawa yake ni kuurudisha upanga alani na kukiendea, wawili wakawa mmoja.

Hata hivyo, Uajemi wa mchezo ule ulikuwa wa mapambo tu: panga, nguzo na matao. Mengi yalikuwa yale ambayo Wazungu wameyaokota katika Alfu Lela na katika sinema za Hollywood. Mwajemi mwenyewe hakusikika sauti.

Mlima Kafu

Huu wa sasa umekwenda njia nyingine. Tunayemwongoza si mwana wa mfalme, bali ni Sargon, mmoja wa mashujaa saba waitwao Wasiokufa. Mwana wa mfalme, Ghassan, ametekwa na kupelekwa Mlima Kafu, nao wanamfuata huko.

Mlima Kafu! Aliyelelewa na bibi mwenye hadithi hawezi kuwa mgeni wa jina hilo, mlima uizungukao dunia. Huko ndiko aliko Simurghi, ndege aliyemlea Zal katika Shahnama ya Firdausi. Naye Fariduddin Attar alisimulia jinsi ndege walivyosafiri kumtafuta Simurghi huko Kafu, wakafika 30 tu, wakajiona kuwa wao wenyewe ndio Simurghi. Kwani kwa Kiajemi si ni thelathini, na murgh ni ndege.

Hata mahali pa kupumzikia mchezoni ni chini ya mti uitwao Wakwaki. Msomaji wa Pwani ana haki ya kutabasamu hapo. Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10 aliyefika kwetu, aliandika kwamba mwisho wa nchi ya Zanj ni Sofala na Wakwaki. Jina hilo limepita kwetu kabla ya kuingia katika kioo cha mpwa wangu.

Uchezaji wake

Kazi ya mchezaji ni kukimbia, kuruka, kuparamia kuta na kupigana. Adui akimeta rangi nyekundu, usithubutu kumkinga, kwepa. Kila mara Sargon hupata uwezo mpya. Mmoja ulinipendeza kuliko yote: aacha kivuli chake mahali, aenda zake, kisha akibonyeza kitufe arudi pale pale penye kivuli. Nikakumbuka kile kivuli cha mwaka 1989. Safari hii kimekuwa msaidizi.

Mlima ni mkubwa na njia zake ni nyingi, lakini mafundi wamefanya jambo la busara: ukifika mlango usiofunguka, wapiga picha, nayo yajibandika katika ramani ikukumbushe siku ya kurudi. Nilianguka mara zisizohesabika. Kwa macho ya mtu wa makamo, kioo kile kidogo pia huchosha.

Usiku wa pili nilimwambia mpwa wangu atafute orodha ya lugha. Kumbe Kiajemi kimo! Ni mchezo wa kwanza wa ukoo huu ambao watu wake wote wazungumza lugha hiyo. Hatukuelewa sentensi, tukasoma maandishi chini, lakini kasri lile likawa limepata wenyewe. Hii ndiyo lugha iliyotupa bandari, nanga na serikali.

Basi dada yangu nimemjibu hivi. Mapigano ni mengi, kwa hiyo si mchezo wa watoto wadogo. Humo Simurghi huitwa mungu wa wakati. Kijana aelezwe kuwa hiyo ni ngano, si itikadi. Tena wahitaji zaidi ya saa 20 kuumaliza, hivyo awekewe mpaka, na chuo kisikose. Lakini wakati aliotumia haukupotea bure.

Sifa nazo haziuzi. Kabla mwaka 2024 kwisha, mafundi wale waliosifiwa sana walikuwa wametawanywa katika kazi nyingine.

Usiku wa mwisho kijana aliniuliza: "Mjomba, na sisi tuna nani?" Nikamsimulia habari za Fumo Liyongo: jinsi alivyofungwa na Sultani wa Pate, jinsi mamaye alivyompelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa kwa mkono wa kijakazi Sada, na jinsi ngoma ya gungu ilivyofunika sauti ya minyororo ikikatwa. Gereza, hila na mbio, kama vile alivyokwisha kuyaona kiooni.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Na huo uko wapi, tuucheze?"

Swali hilo nalipeleka kwa vijana wetu wajuao kompyuta. Wakilijibu, nao wamwache Liyongo aseme kwa lugha ya kwao.