Pikipiki kubwa ya safari Nairobi: kagua karatasi kabla ya injini

Vijana wengi wa Pwani wanaofanya kazi Nairobi wakichoka na basi la usiku huanza kuulizia pikipiki kubwa: imfikishe mtu kazini Westlands Jumatatu, na siku ya likizo imteremshe Mombasa, mwendo wa karibu kilomita 480. Honda VFR800 na Yamaha FJR1300 ni za aina hiyo. Zina mbio, lakini zinakalika kutwa nzima na zina mahali pa kufungia masanduku ya mizigo.

Mpya ni ghali, kwa hivyo wengi hutafuta iliyotumika. Hapo ndipo penye mtego.

Nairobi ni kituo cha wageni wanaovuka Afrika kwa pikipiki. Kambi ya Jungle Junction, iliyokuwa Lavington kabla ya kuhamia upande wa Karen, inajulikana sana kwa wasafiri hao. Mgeni akiishiwa na pesa au hamu ya safari, huenda akataka kuuza na kurudi kwao kwa ndege. Bei yake inaweza kuwa tamu.

Lakini pikipiki ya mgeni mara nyingi huingia nchini kwa hati ya forodha iitwayo karneti. Haijalipiwa ushuru, kwa kuwa imeahidiwa kutoka tena. Ukiinunua kwa makubaliano ya mdomo tu, umenunua deni. KRA inaweza kuishika, na wewe huwezi kuisajili. Njia halali ni mwenyewe kuwaarifu forodha, ushuru ulipwe, karneti ifungwe, ndipo NTSA itoe namba ya Kenya, ambayo kwa pikipiki huanza na KM. Ulizia ushuru huo kwanza, ndipo ukubali bei.

Ikiwa tayari ina namba ya Kenya, tafuta rekodi zake NTSA kupitia eCitizen. Jina la mwenye pikipiki lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Jina la benki likionekana, ujue kuna mkopo. Namba ya chesisi, ambayo kwa kawaida huchongwa shingoni karibu na usukani, na ile ya injini zifanane na za logbuku. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho wa umiliki kwenye mfumo, nawe unaukubali. Akisema atafanya wiki ijayo, nawe pesa mpe wiki ijayo.

Sasa njoo kwenye chombo chenyewe. Tarakimu nne ubavuni mwa tairi huonyesha lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu huwa gumu na huteleza kwenye mvua hata kama meno yake hayajaisha. Omba injini uikute baridi, kwani iliyopashwa moto mapema inaweza kuficha ugonjwa wa kuwaka. Kisha ijaribu jioni Waiyaki Way, kutoka mjini kwenda Kangemi, uone kama feni ya rejeta inafanya kazi foleni ikisimama.

Pima na nguvu zako. FJR1300 hukaribia kilo 290. Ikiwa miguu yako haifiki chini vizuri, foleni ya mjini itakuangusha kabla hujafika Mlolongo.

Ulizia spea pia. Kirinyaga Road utapata za bodaboda bila shida, lakini za pikipiki kubwa huenda ukaagiza nje na kungoja. Jua bei ya breki, tairi na cheni kabla ya kulipa. FJR hutumia shafti, hivyo cheni haikuhusu.

Mwisho, leseni yako iwe na daraja la A2, na uwe na bima ya kulipia madhara kwa watu wengine. Helmeti na jaketi la kung'aa ni lazima kisheria, kwako na kwa abiria wako.

Pikipiki nyingine itapatikana. Pesa iliyotoka bila uhamisho wa umiliki ni vigumu kuirudisha.