Titi la uzi au la silikoni: ununue lipi kwanza?

Umetolewa titi, mshono haujakauka vizuri, na mwezi huu kuna harusi ya mtoto wa dada yako. Unataka blauzi ikae sawa pande zote mbili. Hayo si majivuno, ni haki yako. Lakini silikoni usiinunue sasa.

Mwaka 2024 hapa Kenya, titi bandia la silikoni lilikuwa likiuzwa takriban shilingi 22,000. La kufumwa kwa uzi, lililotengenezwa Thika na wanawake waliopitia saratani wenyewe, lilikuwa shilingi 1,500.

Silikoni ina sifa yake. Uzito wake unakaribia wa titi halisi, kwa hiyo sidiria haipandi na mabega hayaendi upande. Mwenye kifua kikubwa ataihisi tofauti hiyo mgongoni. Ila hizo 22,000 ni mwanzo tu. Huenda ukahitaji sidiria yenye mfuko wa ndani, inayouzwa kando. Kwenye joto la Mombasa utatoka jasho chini yake. Pini ikilitoboa, halishoneki. Kubwa zaidi, mwili hubadilika wakati wa matibabu: unaweza kunenepa au kukonda, na saizi uliyolipia ikakukataa. Kidonda nacho huchukua wiki kadhaa kabla ya kustahimili uzito, na anayepigwa mionzi amuulize daktari kwanza.

La uzi ni laini na jepesi, unalifua kwa mkono na kulianika. Kasoro yake ni huo wepesi: ukiinua mikono, linapanda. Dawa yake ni fundi wa mtaani. Mpelekee sidiria ya pamba yenye mkanda mpana, hata ya mitumba, aishonee mfuko ndani. Anza na hili. Silikoni isubiri matibabu yaishe na mwili utulie.

Wigi nayo usiinunue: nywele zikianza kunyonyoka kwa dawa za saratani, leso za kujifunga kichwani unazo tayari. Wigi huleta joto, na nywele kwa kawaida huota tena dawa zikiisha.

Pesa itakayobaki, weka nauli ya kwenda kwenye kikundi cha wanawake waliougua. Uliza mapema kama kuna mchango wa kila mwezi. Pale utashika titi la uzi na la silikoni kabla ya kulipa, na utamuuliza mwenzako siku ya kwanza alimwonyeshaje mumewe kovu. Dukani hakuna atakayekufungulia blauzi akuonyeshe lake.