Kiangazi Aisilandi Nje ya Njia Kuu: Panga Pesa Kabla ya Kupanga Picha

Ilikuwa saa saba usiku hapa Nairobi, mapema Julai, simu ya huduma kwa wateja ikalia. Upande wa pili alikuwa mteja wetu, yuko Aisilandi na marafiki zake wawili. Kule ilikuwa saa nne usiku, na jua bado liko juu. Walikuwa wamesimama kwenye kituo cha mafuta katika kijiji kimoja cha kaskazini magharibi. Kituo chenyewe hakina mhudumu, ni pampu na mashine tu, na mashine inadai kadi na PIN. Kwenye pochi yake ya simu alikuwa na pesa za kutosha. Shida ni kwamba kadi yake ilikuwa ya mtandaoni, ile ya namba kwenye simu, na kadi ya namba tu huwezi kuichomeka popote.

Waliokolewa na mzee mmoja mtalii aliyekuwa anajaza gari lake. Aliwalipia kwa kadi yake, nao wakamrudishia kwa euro taslimu. Bahati, lakini safari haipangwi kwa bahati.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukipata maswali mengi kuhusu safari za aina hii, na tumeona tuyajibu kwa pamoja. Na tutasema ukweli wote, hata pale ambapo huduma yetu sisi wenyewe haitakufaa.

Kwanza, tunaenda wapi?

Wageni wengi wa Aisilandi hufuata njia moja. Wanatua Keflavík, wanalala Reykjavík, wanazunguka Þingvellir, Geysir na Gullfoss, kisha wanateremka pwani ya kusini. Ni kuzuri, hatukatai. Lakini kiangazi huko kunajaa mabasi, na bei za vyumba hupanda kwa mpigo huo huo.

Sisi tunazungumzia Vestfirðir, ile rasi kubwa ya kaskazini magharibi iliyochanika-chanika kama kiganja cha mkono. Barabara kuu nambari 1, inayozunguka kisiwa kwa takriban kilomita 1,320, haipiti huko kabisa. Ndiyo sababu watu ni wachache.

Mpango wa siku saba au nane unaweza kuwa hivi. Kutoka Reykjavík unaendesha kama kilomita 170 hadi Stykkishólmur. Hapo unapanda feri na gari lako, unapitia kisiwa kidogo cha Flatey na kushuka Brjánslækur. Siku inayofuata nenda Látrabjarg, ukuta wa miamba wa kilomita 14 unaofika mita 441 juu ya bahari. Huko utawaona lundi, ndege weusi na weupe wenye midomo ya rangi ya machungwa. Wanakuja kutaga na kulea, na kufikia katikati ya Agosti wengi huwa wamerudi baharini. Kwa hiyo Juni na Julai ndiyo miezi yao.

Kisha Dynjandi, maporomoko ya karibu mita 100 yanayopanuka kadiri yanavyoshuka. Kisha Ísafjörður, mji mkubwa kuliko yote ya Vestfirðir, na bado wakaazi wake hawafiki 3,000. Kutoka hapo kuna boti za kiangazi kwenda Hornstrandir, hifadhi isiyo na barabara wala duka. Wenyeji wa mwisho walihama miaka ya 1950 mwanzoni, na leo wenye mji ni mbweha. Mwisho unarudi kupitia Hólmavík, penye makumbusho ya uchawi. Ukiwa na siku ya ziada, panda pwani ya Strandir hadi Norðurfjörður, ukaoge kwenye bwawa la maji moto lililo kando ya bahari.

Usidanganywe na ramani. Barabara zinaingia na kutoka kila ghuba, na nyingi bado ni za changarawe, ambako kikomo ni kilomita 80 kwa saa. Penye lami nje ya miji ni 90. Kilomita 200 zinaweza kukumalizia siku.

Krona na shilingi: karibu sawa, lakini usijidanganye

Sarafu ya Aisilandi ni krona. Kwa 2024 na 2025 krona moja imekuwa ikicheza karibu na shilingi moja ya Kenya. Hii ni raha kwa hesabu za haraka: bei unayoiona ukutani ni karibu ile ile kwa shilingi. Pia ni mshtuko, kwa sababu hakuna pa kujifichia. Bakuli la supu ya kondoo mkahawani mara nyingi hupita krona 2,000. Ndiyo, umeelewa vizuri, zaidi ya shilingi elfu mbili kwa supu.

Njia ya kubana matumizi inajulikana. Nunua chakula kwenye supamaketi za Bónus au Krónan kabla ya kuingia vijijini, na ujipikie. Maji ya mfereji ni salama kunywa, kwa hiyo usinunue ya chupa. Kutoa bakshishi si desturi huko. Na badala ya kulipia mabwawa maarufu ya watalii, tumia bwawa la manispaa. Karibu kila mji unalo, la maji moto, na bei yake ni ya kawaida.

Jambo moja la kukariri: mashine ya kadi ikikuuliza kama ulipe kwa krona au kwa dola, euro au shilingi, chagua krona. Ukichagua sarafu nyingine, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na mara nyingi si kwa faida yako.

Kadi ipi inafanya kazi wapi

Aisilandi ni nchi ya kadi. Unaweza kumaliza wiki nzima bila kushika noti. Lakini kadi hazilingani.

*Kadi ya mtandaoni kutoka pochi ya simu.* Inafaa sana kwa vitu vya kulipia kabla ya kusafiri: tikiti ya ndege, vyumba, feri, boti ya Hornstrandir. Unaweka pesa unayotaka kutumia tu, na namba zikiibwa hasara ina mpaka. Angalizo: usiifute kadi hiyo mpaka safari iishe. Boti ya Hornstrandir inaweza kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, na pesa za kurudishiwa hurudi kwenye kadi ile ile iliyolipa. Ukishaifuta, utaanza kuzifuatilia kwa barua pepe.

*Kadi ya plastiki yenye chipu na PIN.* Hii ndiyo ya pampu na ya dukani. Bebeni angalau mbili, kutoka benki tofauti, kwa majina ya watu wawili tofauti. Kabla ya kuondoka ijulishe benki kwamba unasafiri, na uijaribu PIN yako kwenye ATM hapa nyumbani. Wengi wetu hatuikumbuki, tumezoea kugusa tu.

*Pesa taslimu.* Krona elfu chache zinatosha, za dharura na za vibanda vya wakulima.

Pampu isiyo na mtu

Hapa ndipo mteja wetu alikwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Vijijini, vituo vingi vya mafuta ni vya kujihudumia saa zote. Unachomeka kadi, unaweka PIN, unachagua kiasi, ndipo pampu inafunguka. Ukichagua kujaza tenki, mashine kwanza huzuia kiasi kikubwa kwenye akaunti yako, halafu inakata ulichotumia tu. Kilichobaki kinaachiliwa, lakini kwa kadi ya kigeni hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa. Kama salio lako ni la kubahatisha, utajikuta una pesa ambazo huwezi kuzigusa, na zaidi ya wiki ya safari bado iko mbele.

Dawa zake ni tatu. Chagua kiasi maalum badala ya tenki zima. Kampuni za mafuta za huko huuza kadi za kulipia kabla, hivyo nunua moja mjini kwenye kituo chenye mhudumu, ikusaidie kadi yako ikikataliwa. Na ya tatu ni sheria ya dereva mzoefu: sindano ikifika nusu, jaza. Vestfirðir si Thika Road, kituo kinachofuata kinaweza kuwa nyuma ya mlima na ghuba mbili.

Gari: amana, bima na mkono wa kulia

Kampuni nyingi za kukodisha zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, ili zizuie amana. Kadi ya mtandaoni kwa kawaida haikubaliki hapa, na kadi ya benki hukubaliwa na baadhi yao tu. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa, na uhifadhi jibu. Uliza pia umri wa chini, kwa sababu magari makubwa mara nyingi huhitaji dereva mwenye umri mkubwa zaidi. Na uliza kama ada ya kilomita imo kwenye bei au inakuja baadaye.

Kwa njia tuliyoeleza, kiangazi gari dogo la kawaida linatosha ukienda polepole. Usilipie gari la magurudumu manne kwa sababu ya picha. Hilo ni la lazima tu kwenye barabara za nyanda za juu zinazoanza na herufi F, ambazo hufunguliwa Juni au Julai kutegemea theluji. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida bima haigharamii gari lililoharibiwa na maji ukivuka mto, kwa hiyo soma masharti kabla. Na kuendesha nje ya barabara ni kosa la kisheria lenye faini kubwa.

Wakenya wenzetu, tusisahau: huko wanaendesha upande wa kulia, tangu 1968. Taa za mbele huwashwa saa zote. Madaraja mengi ni ya gari moja tu, na bango husema *Einbreið brú*. Aliyekaribia daraja kwanza ndiye hupita.

Ada zisizo na kibanda

Usitegemee mtu wa kukupa risiti dirishani. Sehemu nyingi za kuegesha, kama Þingvellir, zina kamera inayosoma namba ya gari, nawe unalipa kwenye mashine au kwa programu ya simu. Ukiamua kuendelea hadi Akureyri na mashariki yake, handaki la Vaðlaheiðargöng linalipiwa mtandaoni na halina kizuizi chochote. Usipolipa kwa wakati, bili inaenda kwa mwenye gari, naye anaongeza ada yake juu na kuikata kwenye kadi uliyoacha. Unaweza pia kulikwepa handaki hilo kwa kupita barabara ya zamani ya Víkurskarð.

Hapa kadi yako ya mtandaoni inafanya kazi vizuri, *ikiwa* unapata ujumbe wa kuthibitisha. Na ujumbe huo unakuja kwenye laini yako ya Kenya. Kwa hiyo washa rominga kabla ya kupanda ndege. Laini ya huko ya intaneti iweke kwenye nafasi ya pili, usiitoe ya nyumbani. Malipo yoyote unayoweza kufanya ukiwa mjini, yafanye ukiwa mjini, maana kwenye ghuba nyingi mtandao hukatika.

Viza: anza na kalenda

Aisilandi iko Schengen, hivyo mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima igharamie angalau euro 30,000. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa safari ya Julai, hiyo ni Januari.

Ukinyimwa viza, ada hairudi. Kwa hiyo hadi upate jibu, chagua vyumba na gari vinavyoruhusu kughairi bila malipo, hata kama bei iko juu kidogo. Na kama mnasafiri kama chama, pesa za kundi zisikae kwenye simu ya mtu mmoja. Simu hiyo ikizama Dynjandi, safari ya wote imezama.

Kabla hujafunga mkoba

- Kadi mbili za plastiki, PIN zimejaribiwa
- Kadi ya mtandaoni ina salio, haijafutwa
- Rominga imewashwa, laini ya Kenya iko kwenye simu
- Jibu la kampuni ya gari kuhusu amana, limehifadhiwa
- Salio la ziada kwa pesa zitakazozuiwa
- Tovuti za barabara (umferdin.is), hali ya hewa (vedur.is) na usalama (safetravel.is)
- Namba ya dharura: 112

Mteja wetu alirudi salama. Alitutumia picha ya lundi, na chini yake ameandika: "Mwaka ujao narudi, na kadi mbili." Sisi tunasema anza na hizo mbili. Ukiwa na swali lolote kuhusu kadi yako kabla ya kusafiri, tuandikie kupitia programu yetu. Ni afadhali utuulize ukiwa sebuleni kuliko ukiwa kwenye pampu.