Fahamu: Kwa nini gegedu la goti haliponi lenyewe
Mfupa ukivunjika huunga, kwa kuwa damu huufikia. Ama gegedu, lile tabaka laini lifunikalo ncha za mifupa gotini, halina mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo jeraha lake hudumu. Mwaka 1994 matabibu wa upasuaji na wataalamu wa seli wa Göteborg, Uswidi, wakishirikiana, walieleza jinsi walivyochukua seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakazizidisha maabarani, kisha wakazirejesha chini ya kipande cha utando wa mfupa. Kati ya wagonjwa 16 waliotibiwa ncha ya fupa la paja, 14 walipata natija njema. Kati ya 7 waliotibiwa pia ya goti, wawili tu, na hesabu hii nayo yastahili kutangazwa.