Tunapowapeleka Watoto Baharini, Tubebe Nini?

Jumatatu moja ya Pasaka, familia tatu tulikodi kibasi kwenda ufukweni Kigamboni. Sisi akina mama tulikuwa tumeamka tangu saa kumi alfajiri. Tulibeba sufuria mbili za pilau, kachumbari, kreti ya soda, mikeka, khanga na redio. Tulipofika tulihesabu sahani, nazo zilitosha. Watoto walikuwa kumi na mmoja, na hao hatukuwahesabu.

Ilikuwa wakati wa kupakua chakula. Watu wazima tulikuwa saba, na kila mmoja alidhani mwenzake anawatazama watoto. Vijana waliokuwa wakicheza mpira ndio waliomwona mvulana wetu wa miaka sita na kumtoa majini. Alikohoa, akatapika, akalia. Tulimshukuru Mungu kwa kilio kile. Alikuwa hatua kama ishirini tu kutoka kwenye mkeka wetu, na hakuna aliyemsikia.

Baadaye tulijifunza kwamba ndivyo ilivyo. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Kinywa chake kinazama na kuibuka, na nafasi ndogo anayopata ni ya kuvuta pumzi, si ya kuita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo, mama mpenzi, kitu cha kwanza cha kubeba ni mtu wa kutazama. Sisi sasa tuna kofia moja nyekundu. Anayeivaa hapakui chakula, hashiki simu, hapigi soga. Kazi yake ni macho tu. Baada ya nusu saa humkabidhi mwingine mkononi, kwa kutamka. Akina baba nao huivaa, tena kwa bidii kuliko tulivyotarajia, hasa wakikabidhiwa mbele ya watoto. Na kwa mtoto mdogo kofia haitoshi: mtu mzima awe naye majini, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Cha pili ni dumu tupu la lita 5, lililofungwa kizibo barabara, na kamba ya mita kumi na tano hivi iliyofungwa kwenye mkono wake. Mtia maji kidogo ndani ili liruke vizuri. Mtu akizidiwa, mrushie dumu alikumbatie, kisha umvute. Usimrukie kama hujui kuogelea, maana atakushika na mtazama wote wawili. Tyubu ya gari tumeiacha nyumbani. Mtoto akiikalia hujiona salama, kumbe upepo unamsukuma kwenye kina.

Nguo za watoto ziwe za rangi kali, kama chungwa au njano. Buluu na nyeupe hupotea majini. Na sisi wenyewe tusiingie na khanga au gauni refu, kwani vikilowa hufunga miguu. Taiti na fulana vinatosha, na heshima inabaki. Beba pia raba kuukuu za kuvaa majini kwa ajili ya mawe na wale wadudu weusi wenye miiba, maji mengi ya kunywa, nguo kavu, na chupa ya chai ya moto. Mtoto anayetetemeka atolewe mara moja, hata akisema hasikii baridi.

Kuna jambo lisilobebwa kikapuni: kujua maji ya siku hiyo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, na hapa Dar es Salaam tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3. Watoto hutembea mpaka kwenye fungu la mchanga, kisha maji hujaa nyuma yao. Waulize wavuvi kabla ya kutandika mkeka. Wenzetu wa Ziwa Victoria nao waulize habari za mamba na viboko, na wakumbuke kichocho: aliyeoga ziwani apimwe hospitalini, dawa ipo.

Tulipomtoa yule mvulana, mmoja wetu alitaka kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke. Wengi tumelelewa hivyo, lakini si sahihi. Aliyezama amekosa hewa. Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu chake, mzibe pua na kumpulizia pumzi mdomoni. Asipozinduka, mkandamize kifua katikati mara 30, kisha pumzi 2, ukirudia bila kukata tamaa, huku mwingine akiita msaada. Kwa Tanzania, Zimamoto na Uokoaji ni 114, na polisi 112. Hata akizinduka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Pasaka iliyofuata tulirudi palepale. Tuliandika majina ya watoto kwenye karatasi, tukayasoma wakishuka kwenye kibasi, kabla ya chakula, na kabla ya kuondoka. Pilau ililiwa ikiwa imepoa kidogo. Mvulana wetu aliingia majini hadi magotini tu, akiwa ameshika mkono wa baba yake.