Pikipiki za Mbio na Ustadi wa Kuziendesha

Pikipiki ya mbio huundwa kwa ajili ya mambo matatu: kuchomoka haraka, kusimama kwa umbali mfupi, na kupita kwenye kona ikiwa imelala bila tairi kuachia lami. Mpenzi wa pikipiki hizi huvutiwa na yote matatu, ingawa la kwanza ndilo husikika zaidi kwa sababu lina mlio. Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ambako pikipiki karibu zote ni za kutafutia riziki, mapenzi hayo hujitokeza katika mambo madogo. Kuna Boxer iliyofungwa rimu za rangi na eksozi ya kuchongesha, kuna Apache au Pulsar inayofutwa vumbi kila baada ya abiria, na kuna ubishi wa kijiweni usiokwisha kuhusu ipi inakimbia zaidi kati ya Boxer na TVS. Pikipiki kubwa za michezo, zenye injini za cc 600 hadi 1,000, ni chache Dar es Salaam. Wenye nazo hupenda kuzitoa asubuhi mapema siku za mapumziko, kabla magari hayajajaa barabarani.

Mchezo wenyewe una umri unaokaribiana na wa chombo. Mwaka 1907 yalianza mashindano ya TT katika kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, na hadi leo hukimbizwa kwenye barabara za kawaida zinazofungwa kwa muda. Mzunguko mmoja una takriban kilomita 61. Ubingwa wa dunia wa mbio za lami ulianza mwaka 1949 chini ya shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, na Afrika haikuchelewa kuingia. Gary Hocking, aliyekulia Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe, alitwaa ubingwa wa madaraja ya cc 350 na cc 500 mwaka 1961. Jim Redman, aliyehamia nchi hiyohiyo akiwa kijana, alichukua mataji sita kati ya 1962 na 1965, yote juu ya Honda. Katika miaka ya karibuni, Brad Binder wa Afrika Kusini alikuwa bingwa wa dunia wa Moto3 mwaka 2016, na Agosti 2020, huko Brno, akawa Mwafrika Kusini wa kwanza kushinda mbio za daraja la juu, MotoGP.

Honda aliyoendesha Redman ina uhusiano wa karibu na pikipiki zinazopita Mtaa wa Msimbazi. Kampuni hiyo ilipeleka timu yake ya kwanza kisiwani Man mwaka 1959, wakati Ulaya wengi hawakuwa wakiijua, na miaka miwili baadaye Mike Hailwood akaipatia ushindi huko katika madaraja ya cc 125 na cc 250. Mashindano yalikuwa maabara yake. Baadaye Honda iliugeuza ujuzi huo kwa mteja wa aina nyingine kabisa: mwaka 1976 ilitoa CG125, pikipiki iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako oili hubadilishwa kwa kuchelewa na hakuna anayekumbuka kukaza cheni ya ndani ya injini. Wahandisi waliiondoa cheni hiyo na kuweka fimbo za kusukuma valvu, kisha wakaifunika cheni ya nje isiingie vumbi. Injini hiyo ndiyo iliyoigwa mno na viwanda vya China, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoifungulia njia biashara ya bodaboda Tanzania zilibeba uzao wake. Fundi wa Gerezani anayeifungua moja na kuifunga tena kwa spana chache tu ananufaika na uamuzi uliofanywa Japani karibu nusu karne iliyopita.

Wahindi walikuja na njia yao. Bajaj, watengenezaji wa Boxer, wamekuwa na hisa katika kampuni ya KTM ya Austria tangu mwaka 2007, na KTM ndiyo iliyompa Binder ushindi wa Brno. TVS wana timu ya mashindano tangu mwaka 1982, na wameunda injini za cc 310 kwa ushirikiano na BMW. Kwa hiyo kijana anayebishana kijiweni kuhusu Boxer na TVS anabishana, pengine bila kujua, kuhusu kampuni mbili ambazo kweli zinahusika na mbio za dunia.

Tofauti kati ya pikipiki ya kazi na ya mbio huanzia ndani ya silinda. Boxer BM 150 ina silinda moja yenye kipenyo cha milimita 56, na pistoni yake husafiri milimita 58.8 kutoka chini hadi juu. Mwendo huo mrefu huipa nguvu ya kuvuta mzigo kwa mzunguko mdogo, jambo analolihitaji mtu aliyepakia magunia mawili ya mchele. Nguvu yake ya juu, kama farasi 12, hupatikana injini ikizunguka mara 7,500 kwa dakika. Yamaha R1 iliyotoka mwaka 2015 ina silinda nne, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 79 na mwendo wa pistoni wa milimita 50.9 tu. Kwa kuwa pistoni haina safari ndefu, injini inaweza kuzunguka mara 13,500 kwa dakika na kutoa nguvu ya farasi 200, katika pikipiki yenye uzito wa kilo 199 ikiwa na mafuta tayari. Tairi la nyuma la R1 lina upana wa milimita 190. La Boxer ni la inchi tatu.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini marekebisho mengi yanayofanywa mitaani hayaleti kasi inayotarajiwa. Kutoboa eksozi huongeza kelele. Kabureta ikiachwa ilivyokuwa, mchanganyiko wa hewa na petroli unaweza kuwa na hewa kupita kiasi, injini ikachemka na plagi ikatoka nyeupe. Kubadilisha sproketi, kwa kuweka ya mbele yenye meno mengi zaidi au ya nyuma yenye meno machache, huongeza mwendo wa juu kwenye barabara iliyonyooka, lakini pikipiki hupoteza mchomoko na huchoka kwenye mlima. Kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa kunasaidia kweli, ila breki za ngoma na chasisi ya Boxer havikubuniwa kwa nguvu ya ziada. Fundi mzuri humweleza mteja mambo haya kabla hajapokea hela yake.

Ustadi wa dereva una uzito zaidi kuliko mashine, na hapa Kariakoo ina jambo la kujivunia. Kwenda polepole ni kugumu kuliko kwenda kasi, kwa sababu magurudumu yanapozunguka polepole pikipiki hupoteza uthabiti unaotokana na mwendo wake na kumwachia dereva kazi yote ya mizani. Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi, watu wamejaa hadi katikati ya njia na mikokoteni imeziba kona, dereva wa bodaboda hupita na abiria na maboksi mawili kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Vidole viwili viko kwenye klachi, akiishika nusu na kuiachia nusu. Mkono wa kulia umeshikilia mafuta palepale bila kutetereka, na mguu wa kulia unaigusa breki ya nyuma kidogo ili cheni ibaki imekaza. Macho yako mbali, kwenye upenyo unaofuata, na hayaangalii tairi la mbele. Mbinu hizo hizo hufundishwa katika vyuo vya polisi wa pikipiki na shule za mbio duniani, na dereva huyu amejifunza kwa kupita hapo kila siku.

Udhaifu wa madereva wengi wa mjini uko kwenye breki ya mbele. Imani iliyoenea ni kwamba breki hiyo humwangusha mtu, hivyo wako wanaoilegeza waya na kutegemea ya mguu peke yake. Ukweli ni kinyume. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele, tairi la nyuma likawa jepesi na kuanza kuteleza, huku la mbele likikandamizwa chini na kupata mshiko zaidi. Sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama iko kwenye gurudumu la mbele. Kinachoangusha ni kuishika kwa ghafla, kuishika usukani ukiwa umekatwa, au kuishika juu ya mchanga na lami yenye oili. Dereva wa mbio huikamua taratibu, kisha huongeza kadiri uzito unavyohamia. Kupakia mishikaki kunaharibu hesabu hii yote, kwa kuwa uzito wa abiria wawili nyuma huifanya mbele iwe nyepesi, na usukani na breki ya mbele vyote hupungukiwa na uwezo.

Kona ina siri yake. Kuanzia mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa, pikipiki inayotakiwa kulala kulia hulazwa kwa kuusukuma mbele mkono wa kulia wa usukani, yaani kwa kuugeuza usukani kidogo upande wa kushoto. Kila anayeendesha hufanya hivyo, wengi bila kujijua, na mtu anayejua anachofanya anaweza kukwepa shimo kwa wakati ambao mwingine anaanza tu kushtuka. Kiasi cha kulala hutegemea kasi. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, mwendo wa kilomita 50 kwa saa unahitaji mlalo wa nyuzi 33 hivi. Kilomita 60 zinahitaji nyuzi 43. Kilomita kumi tu zimeongeza nyuzi kumi, na tairi jembamba lililochakaa linakaribia mwisho wake. Madereva wa MotoGP hupita nyuzi 60, magoti na viwiko vikigusa lami, kwa sababu tairi zao ni laini, zimepashwa moto na hazidumu zaidi ya mbio moja. Tairi lina kiasi kimoja cha mshiko, na kinachotumika kufunga breki hakipatikani tena kwa ajili ya kona. Ndiyo maana dereva hodari humaliza sehemu kubwa ya breki kabla ya kuingia, hulaza, kisha hufungua mafuta taratibu anapotoka.

Barabara ya mjini haiwezi kubeba mchezo huu, na sababu ni hesabu za kawaida. Kwa kilomita 50 kwa saa, dereva anayechukua sekunde moja kushtuka huwa ameshakwenda mita 14 kabla ya kugusa breki, kisha mita nyingine 14 hivi za kusimama kwenye lami kavu. Kwa kilomita 100 jumla hufika mita 83 au zaidi, kwa kuwa umbali wa breki huongezeka mara nne kasi inapokuwa maradufu. Hakuna mtaa wa Kariakoo wenye mita 83 zisizo na mtu anayevuka. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na taasisi ya mifupa ya Muhimbili, MOI, hupokea majeruhi wa bodaboda mwaka mzima, wengi wao vijana walio katika umri wa kufanya kazi. Utafiti uliokusanya matokeo ya nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hilo ni kwa kofia iliyofungwa mkanda. Inayoning'inia kwenye kiwiko haijamwokoa mtu.

Mchezo wenyewe Afrika Mashariki unaishi zaidi kwenye udongo. Motokrosi hukimbizwa kwenye njia iliyochongwa yenye matuta ya kuruka na kona kali. Kasi yake ni ndogo kuliko ya lami, na ardhi hupokea anguko kwa upole zaidi. Kuchonga uwanja wa namna hiyo ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kujenga wa lami. Kenya ina uwanja wa Jamhuri jijini Nairobi, na Uganda ina Busiika wilayani Luweero na Garuga upande wa Entebbe. Watoto huanza na mashine za cc 50, hupanda hadi 65, 85 na 125, kisha huingia madaraja ya wakubwa. Dar es Salaam haina uwanja wa kudumu wa lami wa mbio za pikipiki, pengo kubwa kwa jiji lenye madereva wengi na mafundi wengi kiasi hiki.

Kwamba njia ya udongo hufikisha mbali limethibitishwa na Ross Branch wa Jwaneng, Botswana, rubani wa ndege kwa taaluma. Mwaka 2024 alimaliza wa pili katika Dakar Rally, ambayo sasa hufanyika Saudi Arabia, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa mbio ndefu za jangwani. Alikuwa juu ya pikipiki ya cc 450 ya Hero, kampuni ya India ambayo biashara yake kuu ni kuunda pikipiki ndogo za kazi. Katika Dakar hiyohiyo Harith Noah wa India, akiendeshea timu ya TVS, alishinda daraja la Rally 2.

Anayetaka kuanza hahitaji R1. Anahitaji leseni ya daraja A, kofia inayombana vizuri bila kuumiza, glavu, buti zinazofunika kifundo cha mguu, na pikipiki ndogo yenye breki mbili zinazofanya kazi. Mazoezi ya mwanzo hufanyika kwenye kiwanja kitupu: kuzunguka namba nane kwa mwendo wa polepole bila kushusha mguu, kisha kufunga breki ya mbele kutoka kilomita 30 kwa saa, kisha 40, kisha 50, na kuweka alama pikipiki inaposimama. Alama zikikaribiana kila mara, ndipo zoezi la kona huanza.